Beseni la Fundi Betri

Fundi betri, jirani yetu, huvunja betri kuukuu za magari na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo. Haingii kwake hivi hivi. Huvua ovaroli mlangoni, hujisugua kwa sabuni mpaka viwikoni, hunusa kucha, kisha hujisugua tena. Bintiye akimkimbilia, yeye hurudi nyuma kama aliyeona nyoka. "Ngoja kwanza, mama, baba ana sumu," humwambia, huku akijichekesha. Lakini siku hizi mtoto hakimbii. Hukaa tu kajishika tumbo, na baba mtu anazidi kumaliza sabuni.

Jana aliwahi kurudi. Nikamtania kwamba ipo siku atajichuna ngozi. Alikuwa amekodoa macho uani, povu likimchuruzika mikononi. Ovaroli yake nyingine ilikuwa kwenye kamba, mbichi, na chini yake mkewe alikuwa akimwogesha binti katika beseni. Mtoto alichota maji kwa kiganja, akayanywa.

"Ulifulia humo?" fundi aliuliza.

"Si ndimo ninamofulia siku zote?" mkewe akashangaa. "Kwani tuna mabeseni mangapi?"