Kisima Kilichokunywa Mafuta ya Taa

Mke wangu tulimzika mchana, na kabla ya magharibi kisima chake kilikuwa kimeshakunywa mafuta ya taa. Hiyo ni Temeke, enzi za Mwingereza, mie kuli wa bandarini mwenye mabega ya kubeba meli nzima, basi tu hawakuniruhusu.

Nasema kisima chake kwa sababu yeye ndiye aliyekitaka. Tulipooana tu aliniambia, "Mie sikuolewa niwe punda wa kwenda kuteka Buguruni." Nikachimba. Nilichimba mpaka nikasikia watu wa upande wa pili wa dunia wanakohoa.

Sasa siku ya msiba watu walijaa, maji yanatakiwa kila upande. Debe la kutekea na debe la mafuta ya karabai yalikaa pamoja uani, na sie madebe yetu yote yalikuwaga ya mafuta, yanafanana kama mapacha. Mmoja wa waliokuja kusaidia akafunga kamba kwenye lile lenye mafuta, akidhani ni maji yaliyobaki, akalitumbukiza.

Mie nikayanywa maji yale matanga mazima. Sikujua. Majirani ndio waliojua. Mmoja akaniambia, "Jirani, ukitaka kubeua geukia kule, nataka kuwasha sigara." Watu wakacheka, na mie nikacheka. Kicheko kilikuwa kinakuja chenyewe tu, kama kikohozi. Ubwabwa haukuwa na ladha, mafuta ya taa hayakuwa na ladha.

Bwana afya akaja na baiskeli, kaptura imepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia nyanya. Akanusa kisima.

"Hiki kitafukiwa," akasema. "Narudi Ijumaa. Nikikuta harufu, nakuja na watu wa makoleo."

Mama mkwe wangu alikuwa bado yupo kwangu. Alipoondoka yule bwana akasema, "Hakifukiwi. Kitu cha mwanangu kilichobaki hapa duniani ni hicho."

Akaingia chumbani, akatoka na mto wa mwanawe, akaupasua kwa kisu. Ndani sufi. "Sufi maji haiyataki," akasema, "ila mafuta inayanywa." Tukaifunga kwenye kipande cha chandarua, tukaishusha ikaelea. Ikapanda nzito, inachuruzika. Nakamua, naishusha tena. Nilikuwa nakamua mto aliolalia mke wangu, na nilichokuwa nawaza ni kwamba mikono inateleza.

Kisha nikateka maji yote, nikamwaga mpaka bata wa Segerea wakaja kuulizia. Yakaja maji mapya. Mama mkwe akanusa, akasema harufu imekuwa nyembamba, lakini ipo.

"Wali ukishika moshi tunafanyaje?" mama mkwe akaniuliza.

"Mie mpishi, mama?"

"Tunaweka kaa juu yake, linanyonya moshi."

Nazi zilizokunwa msibani zilituachia vifuu kichuguu kizima. Tukavichoma, tukavifunika na mchanga visije vikawa majivu, tukautwanga ule mkaa. Tukachukua mtungi mkuukuu, tukautoboa kitako. Chini makumbi, juu yake mchanga, halafu mkaa, halafu mchanga tena. Unamimina juu, yanadondoka chini, taratibu mpaka kobe angeona amecheleweshwa. Ya kwanza yalitoka meusi, tukayamwaga. Ya baadaye yakatoka meupe.

Ijumaa bwana afya akaja. Mama mkwe akamchotea kwa kata kutoka mtungi wa kunywea, akampa kwa mikono miwili. Yule bwana akanusa, akamtazama.

"Mama, hii harufu ya nini?"

"Ubani. Nimefukiza mtungi. Mgeni hapewi maji yasiyofukizwa, labda kwenu."

"Sasa nitajuaje kama mafuta yametoka? Mie hapa nanusa harusi tu."

Mama mkwe akaichukua kata, akainusa mwenyewe. Amefukiza mitungi tangu hajavunja ungo, hilo hakuliwaza. Bwana afya akaushika usukani wa baiskeli.

"Ngoja," nikamwambia. "Nakukingia yanayodondoka."

Nikaweka bilauri chini ya mtungi uliotobolewa. Tukasimama watu watatu wazima tunatazama matone. Ilipojaa akasema, "Anza wewe, mwenye kisima."

Nikanywa funda.

"Vipi?"

"Sioni kitu."

"Huyo usimuulize," mama mkwe akasema. "Huyo kanywa mafuta ya taa matanga mazima na akaomba aongezewe."

Akaichukua bilauri mwenyewe. Tangu mazishi alikuwa hajayagusa maji ya kisima kile, anakunywa ya kuomba kwa jirani. Akanywa, akayashikilia mdomoni kitambo, akameza.

"Ni yale yale ya mwanangu," akasema.

Bwana afya akanusa sana, akanywa yaliyobaki. "Huo mkaa muwe mnaubadilisha," akasema, akapanda baiskeli yake. Makoleo hayakuja.

Yule bwana hajafika hata njiani, mama mkwe akaweka ubani kwenye chetezo, akaumwaga mtungi wa kunywea, akaufudikiza juu ya moshi, safari hii kwa raha zake.

"Unaisikia harufu, mwanangu?"

"Naisikia, mama. Wanaisikia mpaka Segerea."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Mie tangu mazishi sikuwa nanusa kitu.