Maji Yaliyopoteza Rangi

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku niliyojiona nimeshinda. Nilikuwa mwanafunzi wa kemia hapa Brussels, kazi yangu kusafisha maji yaliyotumika kutia vitambaa rangi. Dawa yetu ilikuwa unga wa oksidi ya zinki, chembe zake ndogo mno hata jicho haliwezi kuziona moja moja. Ukiutia ndani ya maji na kuyamulika kwa taa maalumu, huivunjavunja rangi.

Maji yenyewe yalikuwa ya Maman Nsimire, mama wa kwetu Bukavu aliyetia rangi vitambaa katika ghala moja kule Anderlecht. Alikuwa amekatazwa kuyamwaga mtoni mpaka yasafishwe, kwa hiyo karakana yake ilifungwa, na ndiyo iliyowalisha wanawe. Kila Jumapili baada ya ibada aliniuliza habari, nami nilitamani sana kumpa jibu. Basi siku hiyo maji ya buluu yakawa meupe kabisa, nikashika simu nimwambie afungue.

Tonton Balume, yaani mjomba, mkuu wa maabara yetu, naye mtu wa kwetu, mpole lakini humchezei, akaniambia niiweke simu chini. Akamimina yale maji katika gilasi, akanipa.

“Bon, kunywa,” akasema. “Kwetu mwenye kupana kinywaji anaonjaka mbele, non?”

Ndiyo desturi ya kwetu, mtoa kinywaji huonja kwanza. Asingeniacha ninywe, bila shaka. Lakini mkono wangu ulikataa kabla yake.

“Donc we mwenyewe unaogopa. Alors, juu ya nini unataka kuyamwanga ku muto?”

Akaniagiza nirudie jaribio taa ikiwa imezimwa. Nikarudia, na gizani rangi ikatoweka vilevile. Kumbe unga ulikuwa umeimeza tu, haukuivunja, na chembe zake zisizoonekana bado zilikuwa majini, tayari kuingia mtoni.

Aibu niliivumilia, ujana una ngozi ngumu. Kilichoniuma ni kwenda kumwambia Maman Nsimire asubiri tena. Akaniuliza kama nimekula, akanipakulia sombe, kisamvu cha kwetu.

Tulirudi kazini polepole, maana mwenda pole hajikwai. Tukabadilisha unga, tukaongeza muda wa taa, tukatafuta njia ya kuzitoa chembe zote, tukapima na kupima tena. Karakana ilifunguliwa baadaye kuliko tulivyotaka, na haikufungwa tena.

Sasa na wewe umeshika kazi hii, mwanangu. Watakuja watu wenye shida ya kweli, na huruma itakusukuma uwape jibu kabla halijaiva. Usiwape. Huruma isiyopimwa nayo humwaga sumu. Kile usichothubutu kukionja, usimpe mwenzako, hata akikuomba kwa machozi.

Mungu akupe subira ya kusema “bado,” na uso wa kulisema mbele ya unayempenda. Na wale wanaoteka maji huko mto unakoteremkia, ambao hutawaona maisha yako yote, wanywe na wasiwe na haja ya kulijua jina lako.