Harusi Isiyokuwamo Kitabuni

Mwaka niliofanya mtihani wa fasihi ya dunia, baba yangu alikuwa na kanuni moja tu kuhusu masomo: jambo usiloweza kumweleza yeye kwa Kiswahili, hujalielewa. Kanuni hiyo haikunisumbua kwenye hesabu, kwa sababu hesabu niliiacha mapema. Wala haikunisumbua kwenye biolojia, kwa sababu baba mwenyewe, tulipofika sura ya uzazi, alisema biolojia tuwaachie walimu. Ilikuja kunikamata kwenye fasihi.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nimezaliwa Birmingham, nimekulia Sparkhill, katika nyumba iliyobanwa na nyumba za jirani kulia na kushoto. Kiswahili nilikisikia tangu sijaota meno, lakini nilikijibu kwa Kiingereza. Mama akisema lete sinia, nililileta sinia huku nikinung'unika kwa Kiingereza, na maisha yakaendelea. Hakuna aliyewahi kunitaka nieleze kwa Kiswahili kwa nini mwanamke fulani, katika nchi ambayo theluji haiyeyuki mpaka Mei, hasemezani na ndugu yake.

Hiyo ndiyo iliyokuwa riwaya yetu. Tulikuwa pia na mashairi mafupi kutoka Asia ya mbali, ambayo baba aliyasikiliza mara moja tu akauliza, "Ndiyo yote? Hata chai haijapoa." Lakini mwalimu wetu, mwanamke mrefu aliyekuwa na miwani mbili, moja machoni na moja aliyoisahau kichwani, alituonya kwamba riwaya ndiyo itakayotuokoa au itakayotuzamisha. Kurasa mia nne na ushee. Ndugu wawili wanawake wanaishi nyumba moja na hawajasemezana miaka thelathini. Kila wanachotaka kuambiana kinapita kwa mpishi wao. Na mpishi, kwa kuwa ana akili na ana huruma, hubadilisha maneno njiani. Mmoja akisema, "Mwambie yule mchawi afunge dirisha," mpishi hupanda ngazi akasema, "Dada yako ana wasiwasi usije ukashikwa na mafua."

Baba alikuwa fundi wa breki katika karakana ya treni kule Tyseley. Zamu yake ilianza alfajiri, kwa hiyo alasiri alikuwa keshaoga, keshasali, na amekaa mezani jikoni na kikombe cha chai ya tangawizi. Siku ya kwanza alinivutia kiti.

"Haya. Nieleze hicho kitabu."

"Kuna masista wawili," nikaanza.

"Watawa?"

"Hapana, baba. Masista. Mtu na sista yake."

"Mtu na nduguye. Endelea."

"Hawasemi."

"Mabubu?"

"Hapana! Wanasema, lakini hawasemi... huyu kwa huyu."

"Hawasemezani. Wamenuniana." Akanywa chai. "Kwa nini?"

Hiyo "kwa nini" ilituchukua dakika arobaini na vikombe viwili zaidi. Nilipomaliza nilikuwa natoka jasho kama niliyebeba friji, lakini nilikuwa nimejua kitu ambacho darasani sikuwa nimekijua: kwamba wale ndugu hawakununiana kwa sababu ya mchumba, kama tulivyodhani sote. Walinuniana kwa sababu mmoja alimuuguza mama yao na mwingine hakuja. Mchumba alikuwa kisingizio tu. Neno "kisingizio" nilipewa na baba. Nililiandika pembeni mwa ukurasa.

Nisichokijua ni kwamba kesho yake baba aliipeleka hadithi kazini.

Pale karakana alikuwa na rafiki Mkongo, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa Bukavu mwenye kifua kipana na machozi ya karibu. Saa ya mapumziko baba alimsimulia. Msimamizi wao, Mwingereza mwenye sharubu aliyezaliwa mitaa ileile, akataka kujua wanachekea nini, basi baba akamrudishia hadithi kwa Kiingereza. Kwa hiyo riwaya ile, iliyoandikwa kwa lugha ya baridi, ikatafsiriwa kwa Kiingereza, ikapondwapondwa na Kiswahili changu, ikanyooshwa na Kiswahili cha baba, ilirudi tena kwenye Kiingereza ikiwa imevaa buti za kazi.

"Wanauliza mpishi ana umri gani," baba alisema alasiri ile.

"Nani wanauliza?"

"Wenzangu. Na wanauliza kama ana mtu wake."

Tangu hapo sikuwa na raha. Wanafunzi wenzangu walisoma kwa kuogopa mtihani, mimi nilisoma kwa kuogopa karakana. Kila siku baba alirudi na maswali. Nikichelewa kusoma sura, alinitazama kama mtu aliyekwenda dukani na kuambiwa mkate umekwisha. "Wanangoja wale," alikuwa akisema kwa upole, na upole huo ulinikera kuliko kelele.

Ikafika wiki moja ya Machi ambayo nilikuwa na insha mbili, na Jumapili yake binamu yangu aliolewa katika ukumbi mmoja Balsall Heath. Nilicheza mpaka visigino vikavimba. Jumatatu alasiri baba alivuta kiti. Sura ya kumi na mbili na ya kumi na tatu sikuwa nimezifungua.

"Enhe. Mpishi tulimwacha anakohoa," akasema.

Ningesema sijasoma. Lilikuwa neno moja tu, na hata Kiswahili changu kilikuwa nalo. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema, "Alipona. Halafu akamwoa daktari wa ng'ombe."

Baba aliweka kikombe chini. "Mwanamke haoi, mwanangu. Anaolewa. Kaolewa?"

"Kaolewa."

"Na yule daktari wa sura ya pili?"

"Huyohuyo. Alikuwa akimpenda kimyakimya muda wote."

Uso wa baba ulivyong'aa, sikuweza tena kurudi nyuma. Nilimpa harusi nzima. Nilimpa ukumbi, taa, wapishi kumi, nyama iliyopikwa mpaka ikaachana na mfupa. Wale ndugu wawili niliwakalisha meza moja, kila mmoja amegeukia upande wake. Wanawake walipiga vigelegele. Bibi harusi aliingia amejifunika uso, kanukia udi mpaka nje. Kiswahili kilinitoka siku ile kama maji ya bomba, sikukwama hata mara moja, na baba alisahau kunisahihisha.

Mama alikuwa upande wa pili wa meza, anapinda ukingo wa baibui la mteja. Alikuwa akiuza nguo katika duka la Stratford Road na kazi nyingine aliileta nyumbani. Aling'ata uzi, akauliza, "Alisingwa manukato siku ngapi?"

"Siku saba," nikasema.

"Mashaallah," akasema mama, akarudi kwenye sindano yake.

Baba alipokwenda msikitini, mama aliniita karibu. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Hiyo nchi yenu ya theluji," akasema, "wana udi?"

"Wanao... kidogo."

"Na vigelegele?"

Nikaanza kukusanya vikombe vya chai.

"Nenda kasome, mwanangu," akasema.

Sikwenda kusoma. Kesho yake baba alirudi na mfuko wa karatasi wenye madoa ya mafuta. Yule Mkongo, aliposikia mpishi kaolewa, alimwambia mkewe, na mkewe akakaanga mikate ya duara ya kwao, mitamu na laini, sinia zima. Walikula zamu nzima. Msimamizi alikula minne na kusema kwamba huyo daktari alichelewa mno kujitokeza. "Hii sehemu yako ya karamu," baba alisema, akanipa miwili. Niliila nimesimama, kwa aibu, na bado niliona kwamba ni mitamu.

Sura ya kumi na tatu niliisoma Alhamisi, ndani ya basi lililokwama Stratford Road nyuma ya lori la matunda. Mpishi hakupona. Anakufa katika ukurasa wa tatu wa sura, asubuhi ya kawaida, maziwa yakiwa motoni. Wale ndugu wanaingia chumbani kwake, mmoja upande huu wa kitanda, mwingine upande ule. Hakuna tena wa kumtuma. Mkubwa anasema, "Shuka nzuri ziko wapi?" Mdogo anajibu, "Kabati la juu." Basi. Hayo ndiyo maneno yao ya kwanza baada ya miaka thelathini. Nililia hadi mama mmoja wa Kipakistani aliyekaa pembeni yangu akanipa pakiti nzima ya tishu na kuniuliza kama nimefeli.

Alasiri ile sikungoja kuvutiwa kiti.

"Baba, mpishi kafa."

"Kafa lini? Juzi tu kaolewa."

"Hakuolewa. Nilikuwa sijasoma. Nilitunga."

"Na daktari wa ng'ombe?"

"Alikuja sura ya pili, akamtazama ng'ombe, akaondoka."

Akiwa ameinamia baibui la mteja, mama alitoa sauti ndogo, nadhani alikuwa akikohoa. Baba alisugua paji la uso. "Watu wamekula mikate," akasema. Halafu, baada ya kufikiri, "Siwezi kuwaambia mimi. Utakuja wewe."

Jumamosi zamu yao iliisha adhuhuri. Mkabala na lango la karakana palikuwa na gari la kuuza chai na soseji, na hapo ndipo baba alinisimamisha, katikati ya harufu ya moshi wa kiwanda cha taka na siki ya chipsi. Mkongo alikuja ananyoosha mkono kabla hajafika. "Eh! Mutoto wa hadithi!" Msimamizi alikuja nyuma yake na kikombe cha karatasi.

Niliwaamkia. Kisha nikaeleza, kwa Kiswahili, kwa sababu baba alikuwa amesimama pale na kanuni yake. Nilisema nimewadanganya. Nilisema harusi ilikuwa ya binamu yangu. Nikasimulia maziwa, kitanda, shuka. Baba alimtafsiria msimamizi kwa sauti ya chini, sentensi moja nyuma yangu, kwa hiyo kifo kilimfikia kila mtu kwa wakati wake.

"Mais non!" Mkongo alishika kichwa. "Ule mupishi hawezi kufa! Ni muntu muzuri!"

"Ndivyo kilivyoandikwa, mjomba."

"Juu ya nini? Juu ya nini ule mwandishi alimuua?"

Hilo swali mwalimu alikuwa ametuuliza darasani, kwa maneno marefu zaidi, na sote tulitazama madaftari. Sasa nilikuwa na watu watatu wenye ovaroli mbele yangu, na mmoja macho yamemjaa. Nikaanza kusema bila kujua nitafikia wapi.

"Kwa sababu alikuwa mzuri," nikasema. "Alikuwa akiyafanya maneno yao yawe matamu. Kila mmoja alidhani mwenzake si mbaya sana, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kwenda kumwomba radhi. Angeishi, wasingesemezana mpaka wafe. Yeye... yeye ndiye ukuta, mjomba. Hakutaka kuwa, lakini ndiye."

Baba alitafsiri hayo polepole. Msimamizi aliitazama chai yake, akasema kwamba kwao nyumbani mtu huyo alikuwa mama yake mzazi.

Mkongo alijifuta kwa kiganja. "Bon," akasema. "Lakini ile harusi yako ilikuwa muzuri kupita hadithi ya ule mwandishi."

Mtihani ulikuwa Juni, katika ukumbi wa michezo wenye mistari ya mpira wa kikapu chini ya meza zetu. Swali la riwaya lilihusu ukimya. Niliandika kwa kasi, nikifikiri kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza, kazi ambayo sikuwahi kuota nitaifanya. Nikafika kwenye mfano wa pili. Niliandika jinsi wale ndugu, hata walipokalishwa meza moja, kila mmoja aligeukia upande wake. Nikaandika mistari sita, mizuri, yenye ushahidi, kabla ya kugundua kwamba nachambua harusi ya Balsall Heath.

Nilicheka kwa sauti. Msimamizi wa mtihani alinijia na kusimama kando yangu hadi nikanyamaza. Nikaifuta ile mistari kwa mkwaju mmoja mrefu wa kalamu, na kusema kweli iliniuma, ndiyo iliyokuwa bora kuliko yote. Badala yake niliweka shuka na kabati la juu.

Matokeo yalitoka Agosti. Nilipata alama ya pili kutoka juu. Mwalimu alinipongeza na kuniuliza nilisomaje, kwa kuwa hakunihesabu miongoni mwa walioielewa ile riwaya. Nikamwambia nilisoma na mafundi wa treni. Alicheka, akadhani ni mzaha, akaanza kutafuta miwani yake.

Nilidhani hapo ndipo mambo yalipoishia. Lakini wiki chache baadaye, siku moja alasiri, nilimkuta baba jikoni na kile kitabu, nakala yangu yenye pembe zilizokunjika. Alikuwa anasoma mwenyewe kwa Kiingereza, kidole kikifuata mstari, midomo ikienda. Alikuwa ukurasa wa thelathini na moja. Nilimwekea chai, nikakaa mkabala naye.

Akageuza ukurasa, akarudi nyuma, akasoma tena. Kisha akanitazama kwa uso wa mtu aliyedhulumiwa.

"Miezi mitatu unanisimulia," akasema, "na hukuniambia kwamba wana paka."