Mama Futi, kocha anayewakataza watoto kuruka

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Mama Futi anafukuza paka. Leo wako watatu, na hawana haraka. Wameligeuza shimo la mchanga la uwanja wa michezo kuwa choo chao, na kila siku mwanamke huyu wa miaka hamsini na mbili huwakuta wamechuchumaa humo kama wenye hati ya kiwanja.

"Tokeni, nyie! Watoto wa watu wanakuja kutua hapo," anawaambia, kisha anachukua koleo.

Anatoa uchafu wa paka, vizibo viwili vya soda na kipande cha chupa. Halafu anauchimbua mchanga mpaka chini na kuulainisha kwa reki, maana mchanga ulioshikana, anasema, hauna tofauti na sakafu. Uwanjani hakuna mtu mwingine. Redio ndogo iliyoning'inizwa kwenye kitasa cha mlango wa stoo inasoma taarifa ya habari, naye haisikilizi. Huiwasha ili pawe na mtu anayeongea.

Ameajiriwa hapa kufagia vyumba vya kubadilishia nguo, kuosha vyoo na kufyeka majani. Kazi hiyo ina mshahara, mdogo lakini upo. Ile ya jioni, ya kufundisha watoto mchezo wa kuruka umbali mrefu, haimpi hata nauli.

Jina la Mama Futi alipewa na watoto hao. Shingoni hakosi futi ya kamba, ile ya mafundi cherehani, na ukikutana naye barabarani utadhani anawahi kumpima bibi harusi. Yeye anapima watoto. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi huwapanga foleni stoo, miguu peku, visigino vimegusa ukuta. Huwapima wakiwa wamesimama, kisha wakiwa wamekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kwa sababu miguu hutangulia kurefuka na kiwiliwili hufuata baadaye. Kila kipimo anakiandika kwenye daftari.

Anayekua zaidi ya sentimita moja kwa mwezi, miezi miwili mfululizo, hupewa likizo. Haingii mchangani mpaka kasi ya kukua ipungue. Atacheza mpira, atakimbia taratibu kwenye majani, atasimama kwa mguu mmoja huku amefumba macho, lakini kuruka hapana. Watoto wanaichukia likizo hiyo kuliko mitihani.

Jumatatu hii jioni, mvulana mmoja kwenye foleni amekunja magoti kidogo ili aonekane mfupi.

"Nyoosha magoti, mzee," Mama Futi anamwambia. "Umekua, kubali yaishe."

Wenzake wanamcheka. Wako kumi na mmoja. Mwaka ulipoanza walikuwa ishirini na watatu, ila wengine wamehamishiwa kituo kipya upande wa pili wa mji, ambako watoto wanapewa sare, wanaruka kila siku na kurudi nyumbani na medali.

"Siwalaumu wazazi," anasema. "Medali inaonekana. Goti zima nani atalitundika ukutani?"

Wa mwisho kwenye foleni ni msichana wa miaka kumi na mitatu ambaye wenzake wanamwita Panzi. Alikuja hapa akiwa na miaka tisa, na Mama Futi anakiri kwamba hajawahi kufundisha mtoto kama yeye. Mwezi uliopita Panzi alirefuka sentimita moja na nukta tatu. Leo ni moja na nusu. Mama Futi anapiga goti, anambonyeza kwa kidole gumba chini kidogo ya goti la kushoto, palipovimba, na msichana anauma mdomo.

"Likizo," anamwambia.

"Kocha, na Jumamosi je?"

Jumamosi ni siku ya mchujo. Shule moja ya bweni inachukua watoto wenye vipaji na kuwasomesha bure mpaka kidato cha mwisho, na safari hii katika kuruka ina nafasi mbili tu za wasichana. Fomu inataka sahihi ya kocha kuthibitisha kwamba mtoto yuko fiti. Mama Futi ameijaza kwa mwandiko ulionyooka: apumzike miezi mitatu.

Jumanne baba yake Panzi anafika uwanjani na fomu mkononi. Ni fundi wa majokofu, mtu mpole, na mfukoni mwake mna bisibisi aliyosahau kuiacha kazini.

"Dada, mimi nakuheshimu," anasema. "Umemlea huyu mtoto. Lakini nina wengine watatu nyuma yake na ada za wote zinanitoa jasho. Goti linapona. Nafasi ikipita imepita."

"Na goti lisipopona, baba?"

"Wangapi wameruka hapa na hawajavunjika?"

Daktari wa mifupa anayewatibu watoto wanaotumwa hospitali na Mama Futi anayazungumzia maumivu hayo ya goti kwa tahadhari. "Mfupa hurefuka kwanza, misuli na kano zinachelewa, kwa hiyo goti linavutwa," anaeleza. "Wengi wakipumzika wanapona kabisa. Wachache wanaumia vibaya, na hakuna anayejua mapema ni nani."

Fundi anaondoka na fomu yake. Kufikia Jumatano ameshapata nyingine, na kocha wa kile kituo kipya ameitia sahihi bila kumwona mtoto.

Nyumbani kwa Mama Futi ni vyumba viwili nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Mumewe alifariki zamani. Chumba cha pili kina kitanda kilichotandikwa vizuri, shuka limevutwa pembe zote nne, na ni wazi kwamba hakijalaliwa siku nyingi. Ni cha mwanawe wa pekee. Ana miaka ishirini na mitano sasa, anatunza stoo ya vifaa vya ujenzi katika mji ulio mwendo wa siku nzima kwa basi.

"Nilimfundisha mwenyewe," anasema. "Alikuwa anaruka, we! Alipofika miaka kumi na mitatu akaanza kuniambia goti linauma. Nikamwambia ni kukua tu huko, kaza moyo. Na kweli alikuwa anakua. Muhula ule nilikunjua pindo la suruali yake ya shule mara mbili. Nilikuwa nimeshika futi mkononi, naona kabisa mtoto anavyorefuka, na nikampeleka kwenye mashindano."

Katika mruko wa tatu mfupa ulimeguka chini ya goti. Mama Futi alikuwa kando ya ubao wa kurukia, akausikia. Mvulana akafanyiwa upasuaji, lakini mguu wa kushoto haukukua tena sawa na mwenzake. Leo umepungua sentimita mbili, na kila kiatu kipya anachonunua lazima kwanza kipite kwa fundi viatu kuongezwa soli.

Hupiga simu mara mbili au tatu kwa mwaka. Wanaulizana mvua imenyesha kiasi gani huko, wanaagana.

"Hajawahi kunilaumu," Mama Futi anasema. "Angenilaumu ningepumzika."

Mwaka uliofuata ajali ile alianza kuwapima watoto wa wenzake. Tangu hapo ni miaka kumi na mmoja, na daftari lina majina sitini na matatu. Kila jina lina safu ya vipimo, na kila safu inakatika mtoto akiwa na miaka kumi na mitatu au kumi na minne. Ndiyo miaka ya likizo, na ndiyo miaka ambayo wazazi wanachoka kusubiri. Hakuna hata mmoja aliyefikisha kumi na sita akiwa kwake.

Anasema saa ngumu kwake ni ile watoto wanapoondoka na geti kufungwa. "Hapo ndipo nausikia upweke. Huwa natafuta kazi isiyokuwepo. Choo nilichokiosha asubuhi nakiosha tena."

Ijumaa alasiri Panzi anakuja peke yake, bado amevaa sare za shule. Anamkuta Mama Futi akipaka chokaa mistari.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba. Goti linasemaje?"

"Nikipiga magoti linauma. Nikiruka silisikii."

"Ungelisikia vipi, na we shimo lile unalipenda kuliko chakula."

Msichana anatabasamu, halafu anainamia viatu vyake. "Kocha, we ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Mama Futi anaweka chini ndoo ya chokaa. Anachukua muda mrefu kufuta mikono yake.

"Mimi nina mtoto," anasema.

"Una mtoto?" Panzi anashtuka. Miaka minne amekuja hapa karibu kila jioni, na hakujua.

"Wa kiume. Ana miaka ishirini na mitano."

"Anaruka?"

"Hapana."

Kisha anamsimulia yote, kuanzia pindo la suruali mpaka soli ya kiatu. Mwisho msichana anasema kwa sauti ndogo kwamba baba yake siku hizi hali chakula cha jioni, anasema ameshiba kazini, na wadogo zake tu ndio wanaoamini.

Mama Futi amewafundisha watoto wote wa uwanjani kurukia mguu wowote, wa kulia au wa kushoto, jambo ambalo makocha wengine wanaliona ni kupoteza wakati. Mguu anaorukia Panzi ni wa kushoto, huohuo wenye goti bovu. Kwa kulia anaweza, ila hafiki mbali vile.

"Ukienda, na najua utaenda, rukia wa kulia," anamwambia. "Mara zote tatu. Niahidi."

"Naahidi."

Jumamosi Mama Futi haruhusiwi kuingia kwenye uwanja wa mchujo, kwa kuwa jina lake haliko kwenye fomu. Anasimama nje ya uzio wa waya pamoja na wauza maji. Panzi anaruka mara ya kwanza kwa mguu wa kulia: mita nne na sentimita thelathini na moja. Mara ya pili, pia kwa kulia: nne arobaini. Anayeshika nafasi ya pili ana nne hamsini na mbili, na baba yake Panzi, kule kwenye viti, ameinuka.

Kabla ya mruko wa mwisho msichana anaenda kwenye alama yake ya kuanzia kukimbia. Anaiokota, anarudi nyuma hatua moja, anaiweka tena. Wauza maji hawaoni chochote cha ajabu, lakini Mama Futi ameshika waya kwa mikono yote miwili. Hatua moja ikiongezeka, mguu unaofika kwenye ubao unabadilika.

Panzi anakimbia, anarukia wa kushoto. Nne sitini na sita. Anatoka mchangani akichechemea, anacheka huku machozi yanamtoka, na baba yake anaruka uzio mdogo kwenda kumkumbatia. Nafasi ameipata.

Jumatatu asubuhi Mama Futi yuko shimoni na reki kama kawaida. Anaulizwa kwa nini hakupiga kelele pale alipoona alama inasogezwa. Angemwita, mtoto angesimama.

"Angesimama," anakubali. Anavuta reki mara mbili, tatu. "Mpaka sasa sijui. Labda nilimheshimu, ameshajua kila kitu, mwache aamue. Au labda na mimi nilitaka kuona atafika wapi. Hilo ndilo lililoninyima usingizi."

Jana, anasema, alimpigia mwanawe bila kungoja apigiwe. Safari hii hawakuulizana habari za mvua. Alimsimulia habari za Panzi, goti, ahadi, alama iliyorudishwa hatua moja, na yeye mwenyewe alivyonyamaza kwenye waya. 

"Kisha akaniambia, 'Mama, siku ile hata ungenikataza ningeruka.' Nikalia. Akaniacha nilie. Halafu akaniuliza, 'Alitua vizuri?'"

Anasimulia hili akiwa ameegemea mpini wa reki, na uso wake hauna furaha kamili wala huzuni kamili. Wiki hii atanakili vipimo vyote vya Panzi kwenye karatasi safi na kuvipeleka mwenyewe kwenye ile shule, hata kama watamwacha getini. Jioni ataendelea na kumi waliobaki, na tangazo la kuandikisha wa miaka minane na tisa limeshabandikwa kwenye lango.

Mwanawe ana likizo ya siku nne mwezi ujao. Hakusema atakuja, na Mama Futi hakuthubutu kumwomba kwenye simu ileile. Atapiga tena Jumapili.

"Sitamwambia aje kunisalimia, atakwepa," anasema. "Nitamwambia aje Jumatatu ya kupima, anishikie daftari. Akae pale, awaone watoto wanaopumzika. Nataka aone kwamba nilimsikia, japo nilichelewa."