Chetezo cha Chatu

Binti yangu alikuwa darasa la tatu alipomleta chatu nyumbani ndani ya ndoo. Tulikuwa Fumba siku hiyo, nilikopata kazi ya kutia milango kwenye nyumba mpya, na vibarua waliokuwa wakifyeka kichaka walimkuta yule nyoka, mdogo bado, wakataka kumponda. Mtoto akavua mtandio wake akamfunika, kisha akaja kunililia. Mimi akinililia huyo sina ujanja, nikatafuta ndoo.

Mama yangu, tunayekaa naye nyumba moja Mji Mkongwe, alisimama mlangoni akamwamuru nyoka mara tatu atoke kwa amani, kama tulivyofundishwa tangu utotoni. Nyoka hakutoka, maana ndoo ilikuwa na mfuniko.

"Basi mimi nshamwonya," mama akasema, akarudi jikoni kwake.

Nyoka akakaa nasi miaka. Nilimtengenezea sanduku la mvule lenye mfuniko mzito na komeo la shaba, nikalitoboa matundu machache kwa keekee, tukaliweka uwani chini ya ngazi. Jioni binti yangu alimtoa akamtandaza sakafuni pale penye joto la jua, akakaa kando yake akisoma. Jirani waliacha kuja kuomba chumvi. Mama alijifanya hamtaki, lakini nilimkuta zaidi ya mara moja akimsimulia habari za mtaa huku akichambua mchele.

Tungeishia hapo ingekuwa salama. Nilipata kazi Makunduchi, kwa bwana mmoja mwenye banda la nyoka wa kuonyesha wageni. Huyo hakuwafuga, aliwazalisha. Kila nyoka alikuwa na kizimba chake na namba yake, na hakuna aliyepapaswa. Nilimwona mtu mkavu, nikamdharau. Hata hivyo nilipojua ana dume, nasi wetu ni jike, tamaa ikaniingia. Meneja wa hoteli moja ya Uroa alishaniambia angependa chatu wawili wadogo wa bustanini, na mimi nikamwahidi mbele za watu, kwa kifua, kana kwamba ninao mfukoni. Sikuwa na shida ya fedha wakati ule. Nilitaka kusifiwa tu, nitajwe kuwa fundi yule pia ana chatu anaowazalisha mwenyewe.

Binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na minne sasa, alikataa.

"Baba, huyu si kuku. Mwache alivyo."

Nikamwambia hatapatwa na kitu, mimi nipo. Dume akaletwa ndani ya gunia, akakaa majuma matatu, akarudishwa kwao. Vuli ilipoanza, jike akataga mayai zaidi ya ishirini, akajikunja juu yake.

Yule bwana wa Makunduchi alikuja kutazama, akanionya. "Wewe umezoea kufuga. Sasa sahau kufuga. Usimshike, usimsogeze, usimfunike. Ukimwona anatetemeka, huko ndiko kuyatia mayai joto. Anajua kazi yake."

Mvua zikapiga siku nne mfululizo, uwani kukawa na ubaridi. Nyoka alikuwa akitetemeka kweli. Mama akapita, akachungulia, akasema kwa mzaha, "Masikini, mzazi hakai baridini namna hii." Alikuwa akitania, na nilijua anatania. Lakini kwetu mwanamke akijifungua huwekewa makaa chini ya kitanda, akafukizwa udi, akalindwa na baridi mpaka arobaini yake itimie. Nami niliyaona yale mayai kama tayari yako Uroa.

Ijumaa ile binti yangu alikuwa shule. Nikapuliza makaa, nikayatia kwenye chetezo, nikadondoshea udi, nikakiweka ndani ya sanduku, pembeni. Nikafunga mfuniko ili joto lisitoke, na kwa mazoea nikatia komeo. Kisha nikaenda kuswali. Baada ya swala nikasimama nje ya msikiti kupiga soga, na nakumbuka niliwasimulia wenzangu habari za mayai yangu.

Niliporudi nikafungua komeo. Alikuwa bado amejikunja juu ya mayai, kichwa kimelala juu ya mwili wake. Nilimgusa, nikajua.

Aibu ya kumuua naweza kuibeba, kwa kuwa sikukusudia. Nilichofanya baadaye nilikikusudia. Nilizoa majivu, nikaficha chetezo, nikafuta sanduku kwa ndimu. Mtoto aliporudi nikamwambia, "Amekufa kwa uzazi, mwanangu. Hutokea."

Aliinama akaweka uso ndani ya sanduku, akakaa hivyo kwa muda. Akalishika komeo, akaliachia. Hakulia. Tulimzika shamba pamoja na mayai yake, na tangu siku hiyo hajaniomba mnyama mwingine.

Mwaka huu amejifungua mtoto wake wa kwanza, akaja kwetu kukaa arobaini kama ilivyo desturi. Mama, ambaye sasa hawezi ngazi, akanipa chetezo nimpelekee. Nikapanda nacho hadi chumbani.

"Kiweke nje, baba," binti yangu akasema.

"Mtoto atapata baridi."

"Hapati. Na dirisha liache wazi."

Nilisimama pale mlangoni, moshi ukinipanda usoni. Alikuwa akimtazama mwanawe, si mimi.

"Sanduku siku ile lilinuka udi," akasema. "Ndimu haikuutoa."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza miaka yote hii.

"Nlikuwa nakungojea wewe uniambie."

Nikashuka na chetezo changu. Chini mama akauliza mbona nakirudisha, sanduku gani hilo tulilokuwa tukilisema. Alikuwa hajui mpaka siku ile, masikini, kwamba mzaha wake mimi niliufanyia kazi. Nikakaa kwenye ngazi, juu ya pale lilipokuwa sanduku, nikamweleza yote tangu makaa hadi ndimu, kwa sauti kubwa ya kusikika mpaka juu.