Mhuri wa Wakili Asiyesoma

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye ofisi ya wakili mmoja mjini Tarime, nikisubiri kugongewa mhuri hati za mirathi ya marehemu mke wangu. Mbele yangu alikaa mama mtu mzima wa Kenyamonta, mkononi ana hati ya kiapo. Akaninong'oneza kwamba anamlalamikia wakili wake kwenye kamati ya nidhamu. Mara tatu ndani ya mwaka mmoja wakili huyo hakufika mahakamani, na kesi ya shamba lake ikafutwa.

"Ofisi mbili zimekataa kunigongea mhuri. Eti ni mwenzao."

"Na huyu atakubali?"

"Huyu ndiye ninayemshtaki."

Kabla sijajibu, wakili akatoka, simu ameibana begani. "Shikamoo, mama. Unaitwa nani?"

Mama akataja jina lake. Wakili akafunua ukurasa wa mwisho, akasaini, akagonga mhuri, akapuliza wino ukauke.

"Husomi, mwanangu?"

"Mama, nikisoma kila karatasi nitakula saa ngapi?" Akarudi ndani.

Nilikereka kuliko mama mwenyewe. Mtu amebeba kesi yako mwaka mzima, na hajui sura yako wala jina lako! Nikamweleza kwamba kiapo hicho hakifai, kwa sababu wakili hawezi kushuhudia kiapo kinachomshtaki yeye mwenyewe.

"Najua, baba. Kiapo nitaapa kwa hakimu, kule Mugumu." Akaikunja karatasi taratibu, akaitia kwenye mkoba. "Hiki ni kielelezo kwa kamati."