Niliandika Maji Hayanuki

Nianze na la moja kwa moja: nilidanganya kwenye fomu ya kazini, na mtoto wa watu amekufa. Usinionee huruma. Naandika kwa sababu nimechoka kulibeba hili peke yangu, na wewe msomaji hunijui, kwa hiyo hutanitazama usoni.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mtu wa Moshi niliyekuja Dar kutafuta maisha kama wengine. Kazi yangu ilikuwa kuchukua sampuli za maji. Kulikuwa na utafiti wa visima vya majumbani, tunazunguka uswahilini kuanzia Kariakoo mpaka Buguruni na chupa zetu ndani ya deli lenye barafu. Mimi nachota na kujaza fomu. Walioko maabara wanaangalia kama kuna vijidudu vya kinyesi. Baadaye mwenye kisima anapewa karatasi ya majibu, bure.

Msimamizi wetu alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka tukawa tunamcheka: mwenye kisima asijue siku unayokuja. Akijua atasafisha. Utapima maji ya siku moja, na watu watakunywa ya mwaka mzima.

Sasa kisima kimoja kwenye orodha kilikuwa cha nyumba niliyopanga mwenyewe, Buguruni. Vyumba kumi, bomba moja uani lenye maji ya kisima hicho. Mwenye nyumba tumwite Bi Hafsa. Mama huyu alinipokea nikiwa sina mbele wala nyuma. Mwezi wa Ramadhani ananiita kwenye futari, na anajua fika mimi Jumapili naenda kanisani. Nikiumwa ananipikia uji. Mtu wa namna hiyo nimvamie asubuhi na chupa zangu, bila hata hodi? Nilikolelewa mimi huo ni utovu wa adabu. Siku mbili kabla, nikamwambia.

"Shikamoo, Bi Hafsa. Jumatano tunakuja kupima kisima."

"Marahaba, mwanangu. Umefanya la maana kuniambia. Mgeni asinikute sijafagia."

Nilidhani anazungumzia kufagia uwanja. Ona, hata hapa naanza kudanganya. Nilijua vizuri alichomaanisha.

Jumatano nilipofungua bomba, klorini ilinipanda puani mpaka macho yakawasha. Alikuwa amemwaga dawa ya kuua vijidudu kisimani jana yake, na si kidogo. Kwenye fomu kuna sehemu ya harufu. Kuna pia kipimo kidogo cha klorini ambacho unakitumia palepale. Bi Hafsa alikuwa amesimama pembeni yangu, kanishikia kikombe cha chai ya tangawizi. Kipimo nikakiacha kwenye begi. Penye klorini nikaandika sifuri, penye harufu nikaandika "hakuna", halafu nikapokea chai yangu nikanywa.

Majibu yakarudi: maji safi. Bi Hafsa aliipeleka karatasi Kariakoo ikawekwa plastiki, akaitundika juu ya bomba. Alifurahi kama mtu aliyefaulu mtihani.

Chumba cha pili kutoka changu aliishi Zuhura, msusi wa nywele, na mumewe na binti yao Salha wa miaka minne. Uani pale Zuhura peke yake ndiye aliyekuwa anachemsha maji ya kunywa, kila siku, kwenye jiko la mkaa. Tulimtania kwamba kapika maji leo, mboga je? Yeye anacheka, anaendelea kupepea jiko.

Baada ya karatasi kutundikwa, akaniita.

"Dada, wewe ndiyo mtu wa maji. Hiyo karatasi ni ya kweli? Maana mkaa unanimaliza."

Bi Hafsa alikuwa anaanika nguo hatua chache tu kutoka pale. Nilimwona amesimama na kanga mkononi, haianiki, anasubiri nitasema nini.

"Ya kweli, shoga. Kunywa tu, mbona unajitesa."

Ningeweza kumwambia chemsha. Neno moja. Wala lisingemdhalilisha mtu. Lakini nilitaka Bi Hafsa anifurahie, na Zuhura akazima jiko.

Masika ikaja. Choo cha shimo cha nyumba ile hakiko mbali na kisima, na mvua ikinyesha uani panafurika. Asubuhi moja Salha akaanza kuharisha na kutapika. Kufika mchana mtoto amelegea, macho yameingia ndani. Mume alikuwa kazini, kwa hiyo mimi ndiye niliyembeba mpaka hospitali, mama yake nyuma anakimbia na kandambili mkononi.

Daktari akauliza: "Mnakunywa maji gani nyumbani?"

Zuhura akajibu haraka, tena kwa kujiamini: "Maji yetu yamepimwa, daktari. Dada huyu ndiye mpimaji."

Daktari akanigeukia. Nikatikisa kichwa kukubali.

Basi akauliza tena, alikula nini nje? Zuhura akafikiri, kisha akashika mdomo. Jana yake alikwenda na Salha kazini Kariakoo, mtoto akalilia barafu za kwenye vifuko, akamnunulia moja. "Ni ile barafu," akasema. Mimi nimekaa pale kwenye benchi, nikamwacha aamini hivyo.

Salha hakuifikia jioni.

Wiki iliyofuata nilichota maji ya bomba lile bila kumwambia mtu, nikayapeleka maabara kama ya kisima kingine. Vijidudu vya kinyesi vimejaa tele. Nikamfuata Bi Hafsa na karatasi ya majibu hayo mapya. Aliisoma polepole, akaikunja, akanirudishia.

"Mwanangu, mtoto hatorudi. Ukilitangaza hili mimi wapangaji watanikimbia, na wewe utaulizwa nani aliandika fomu. Mwandiko si wako?"

Hakunitishia, sitaki umfikirie hivyo. Alikuwa analia. Sote wawili tulikuwa waoga, ila mimi ndiye niliyesomea.

Kazi niliiacha. Nikaanza kuwaambia wapangaji wachemshe maji, nasingizia mvua. Unajua walichonijibu? Walinionyesha karatasi juu ya bomba. "Wewe si ndiye uliyepima?" Mpaka nahama bado walikuwa wanakinga maji yale na kunywa.

Zuhura aliondoka kabla yangu. Mumewe alikuwa hamsemeshi tena, anamwita muuaji mbele za watu kwa ajili ya ile barafu, mwishoni akampa talaka. Siku ya kurudi kwao Tanga alipita chumba hadi chumba kuomba radhi, kama mtu anayesafiri na hajui kama atarudi. Alipofika kwangu alinishika mikono yote miwili.

"Dada, ulinibebea mwanangu mpaka hospitali. Kama kuna siku nilikukosea, nisamehe."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mlango wazi, tuko wawili tu, yeye mwenyewe ameshaanza habari za msamaha. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni: "Nimekusamehe."

Akanishukuru, akabeba begi lake, akaenda.

Kwa hiyo wewe unayepima maji, au damu, au udongo, au chochote ambacho watu watakiamini kwa sababu umeandika wewe: ukisikia harufu, andika harufu. Hata kama mwenye kisima amekulea. Mwenzako hatakuja kukagua, atakuuliza tu kama ni kweli, kisha atampa mwanawe anywe.

Mimi namba ya Zuhura ninayo. Kila nikiishika simu naiweka chini. Yuko Tanga, na mpaka leo anajua kwamba yeye ndiye aliyemuua mwanawe.